Plasta ya mfuko "ya kuzuia maji" kwenye kuta za Kigamboni: inafaa wapi na inashindwa wapi

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni plasta iliyochanganywa tayari kiwandani, inayouzwa kwa mifuko katika maduka ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam kwa sifa moja kubwa, kwamba inazuia maji na kwa hiyo inastahimili chumvi ya bahari. Kampuni sitaitaja, kwa sababu bidhaa za aina hii zinafanana sana kwa viungo, yaani saruji, mchanga laini uliochekechwa na dawa ya kufukuza maji, na ninayoyasema yanahusu aina hiyo nzima kuliko mfuko mmoja. Ilipigwa kwenye kuta za nje za nyumba ya familia huko Kigamboni, upande wa Mjimwema, mahali ambapo bahari haionekani kutoka uani lakini upepo wa kusi unaileta hadi kwenye vioo vya madirisha. Ili kulinganisha kwa haki, sehemu nyingine za ukuta huohuo zilipigwa plasta ya kawaida ya saruji na mchanga, na sehemu ya tatu ikapigwa plasta ya chokaa iliyotiwa saruji kidogo. Zote tatu zimekwisha kupita masika na kiangazi, na tofauti zake sasa zinaonekana hata kwa mtu anayepita njiani.

Nianze na sifa za plasta hii ya mfuko, kwa kuwa ni za kweli. Unatia maji kwa kipimo kilichoandikwa, unakoroga, na rojo linalopatikana ni laini na linashika ukuta bila kudondoka. Fundi wetu, aliyezoea kurusha rojo la mchanga wa mto na kuokota sehemu yake kubwa chini, alimaliza upande mzima akiwa na mabaki yasiyojaza karai. Uwiano hauyumbi kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu mchanganyiko unaopimwa kwa koleo na saidia fundi aliyechoka saa tisa alasiri. Uso wake ulipokauka ulikuwa sawasawa kiasi kwamba hatukuhitaji kupiga niru, na maji yaliyomwagwa juu yake yaliteleza na kuondoka bila kuacha doa. Mtu anayekagua kazi siku ya makabidhiano hana cha kulalamikia, na nadhani hapo ndipo bidhaa hii inapopatia ushahidi wake mwingi, kwa sababu picha ambazo wauzaji husambaza kwenye simu hupigwa plasta ikiwa bado mpya.

Baada ya masika hali ilibadilika, ingawa haikubadilika kwenye ukuta wote. Kuanzia usawa wa madirisha kwenda juu plasta ilibaki kama ilivyokuwa, safi na kavu, hata upande unaopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Chini, kuanzia ardhini hadi karibu na goti, na katika sehemu moja hadi pajani, rangi ilivimba na kufanya malengelenge, na ukigonga kwa kifundo cha kidole sauti inayorudi ni ya kitu kisichoshikana na chochote nyuma yake. Nilichomeka ncha ya mwiko kwenye ufa mmoja na kipande kipana kikatoka kizima, pamoja na rangi yake. Uso wake wa mbele ulikuwa bado mgumu, kiasi kwamba niliukwaruza kwa ufunguo wa geti na ufunguo ukaacha mstari wa chuma badala ya kuchimba. Mgongo wake ndio uliokuwa umeharibika: ulikuwa umepakaa unga mweupe, na kwenye tofali lenyewe palikuwa na sindano fupifupi za fuwele zilizosimama, ambazo ukizigusa kwa ncha ya ulimi hakuna haja ya maabara kukwambia ni kitu gani. Tofali lilikuwa limelika kiasi cha unene wa sarafu, na mchanga wake uliporomoka kwa kufutwa na kidole.

Hilo ndilo jambo la msingi katika tathmini hii. Plasta haikushindwa kwa udhaifu. Imebaki ngumu kuliko ukuta ulioibeba, na imeanguka ikiwa nzima. Anayenunua plasta ya pwani kwa kigezo cha ugumu na cha kuzuia maji anapima vitu ambavyo si chumvi inayovijaribu.

Chumvi peke yake, ikiwa kavu na imetulia, haiharibu ukuta. Inaharibu inapoyeyuka na kuganda tena ndani ya vinyweleo vya plasta au vya tofali, kwa sababu fuwele linalokua ndani ya tundu dogo husukuma kuta za tundu hilo, na plasta, ambayo ina nguvu nyingi ya kubeba uzito lakini nguvu kidogo ya kuvutwa, hupasuka punje kwa punje. Mahali ambapo fuwele litaota panategemea mahali ambapo maji yanageuka mvuke. Maji yakifika hadi kwenye uso wa nje na kukaukia hapo, chumvi hutokea nje kama unga mweupe unaochukiza macho lakini unaofutika kwa ufagio. Yakizuiwa kufika nje, hukaukia ndani, nyuma ya plasta au katikati yake, na chumvi hujikusanya hapo hapo bila kuonekana mpaka siku ganda linapoachia. Dawa ya kufukuza maji iliyomo kwenye mfuko inafanya kazi iliyokusudiwa, yaani inazuia maji yaliyo katika hali ya umajimaji yasipite, na kwa kufanya hivyo inauhamishia uvukizi nyuma, kwenye mshikano wa plasta na tofali, mahali pabaya kuliko pote kwa chumvi kuota.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam inauzidisha ubaya huo kwa namna ambayo mtu wa Dodoma hawezi kuijua kwa uzoefu wake. Chumvi ya kawaida ina mpaka wake: unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75 chumvi huvuta maji hewani na kuyeyuka yenyewe, na ukishuka chini ya hapo hukauka na kurudi kuwa fuwele. Hapa kwetu unyevu wa alfajiri huvuka asilimia 80 mara nyingi, na kwenye miezi ya kiangazi adhuhuri hushuka chini ya asilimia 70, maana yake ni kwamba mpaka ule unavukwa kwenda na kurudi ndani ya siku moja, siku baada ya siku, bila tone la mvua kunyesha. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba ukuta "unatoka jasho" asubuhi ilhali bomba halivuji na paa ni zima. Ndiyo maana pia uharibifu wenyewe hujitokeza zaidi wakati wa jua kuliko wakati wa mvua, kwa sababu masika huyeyusha na kusambaza chumvi, na kiangazi ndicho kinachoigandisha. Anayekagua plasta yake mwezi wa nne atadanganyika. Akague mwezi wa nane.

Lipo pia suala la aina ya chumvi, ambalo maandishi ya kwenye mfuko hayaligusi kabisa. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na sehemu kubwa yake ni chumvi hiyohiyo ya mezani, lakini ndani yake mna salfeti pia, ambazo ni kundi jingine la chumvi. Salfeti ya sodiamu ni mharibifu mkali zaidi, kwa kuwa inapokutana na maji hugeuka kutoka umbo lisilo na maji kwenda umbo lililobeba molekuli 10 za maji, na nafasi inayohitaji huongezeka zaidi ya mara tatu. Wanaopima uimara wa mawe ya ujenzi katika maabara za Ulaya hutumia salfeti ya sodiamu kwa sababu hiyo hasa: huloweka jiwe, hulikausha, hurudia, na kupima limepungua uzito kiasi gani. Plasta inayotangazwa kuwa ya pwani ingepaswa kuja na matokeo ya kipimo cha namna hiyo. Huu mfuko una picha ya mnazi na wimbi.

Swali linalofuata ni chumvi iliyokuwa nyuma ya plasta yetu ilitoka wapi, na jibu lake liliwashangaza wenye nyumba. Upepo wa bahari unaleta chumvi, bila shaka, lakini kiasi chake hupungua haraka kadiri unavyoondoka ufukweni, na kama upepo ungekuwa ndio chanzo kikuu basi plasta ya juu, inayopigwa na kusi bila kizuizi, ingeharibika kwanza. Imeharibika ya chini. Chumvi hiyo imepanda kutoka ardhini kupitia msingi, na nyingine iliwekwa na mikono yetu wenyewe wanadamu siku ya ujenzi, kwa ndoo. Sehemu kubwa ya Kigamboni, kama ilivyo Mbezi Beach na Kunduchi, hujenga kwa maji ya kisima kilichochimbwa uani, na maji hayo katika maeneo mengi ya karibu na bahari yana ladha ya chumvi iliyo wazi, hata wenyeji wameacha kuyapikia chai. Kiwango cha Ulaya cha maji ya kukorogea zege, EN 1008, kinaruhusu kloraidi, yaani ile sehemu ya chumvi inayoshambulia nondo, isiyozidi miligramu 1,000 kwa lita pale penye nondo, na 4,500 pale pasipo na nondo. Maji ya bahari yenyewe yana takriban 19,000. Kipimo kidogo cha mkononi, kile wanachotumia wachimba visima kupima chumvi iliyoyeyuka, kitakuonyesha kwa haraka kama kisima chako kina maji ya kuogopwa au la, na bei yake ni ndogo kuliko ya kurudia ukuta mmoja. Mchanga nao uulizwe kwao: wa mtoni, kama ule unaochotwa bonde la Mpiji, haufanani na uliookotwa karibu na ufukwe, na lori likishamwaga mzigo usiku getini ni shida kujua limetoka wapi.

Nilirudi kwenye duka la Kariakoo tulikonunua, nikiwa na kile kipande kwenye mfuko wa nailoni. Muuzaji, kijana mstaarabu, alikigeuza, akauona ule unga, akasema, "Dada yangu, hapa plasta haina kosa. Shida ni ukuta wako." Kwa kiasi fulani alikuwa sahihi, na nilimkubalia. Kilichobaki ni kwamba nyumba yenye ukuta usio na shida ya chumvi haihitaji plasta ya pwani, na kuuza dawa ambayo masharti yake ni kwamba mgonjwa awe mzima ni biashara ya ajabu. Nilipomuuliza kama kuna mahali popote kwenye mfuko panapoeleza kwamba plasta isipigwe kwenye ukuta unaopandisha unyevu, tuliutafuta pamoja. Hapakuwapo. Kwa upande wa huduma, hata hivyo, sina neno baya juu ya duka lile: walitupatia risiti, walituletea mzigo kwa kirikuu siku waliyoahidi, na walikuwa tayari kupokea mifuko ambayo haikufunguliwa.

Kabla ya kuendelea na plasta nyingine, kuna desturi moja ya Dar es Salaam ambayo inastahili kusemwa hapa kwa sababu inaufanyia ukuta kilekile inachofanya plasta hii. Nyumba nyingi hupakwa rangi ya mafuta upande wa chini, kimo cha mita moja hivi, ili matope ya mvua na viatu vya watoto visichafue ukuta. Wengine siku hizi hubandika vigae au mawe ya urembo. Rangi ya mafuta haipitishi mvuke, kwa hiyo unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, ukikosa pa kutokea katika ile mita ya kwanza, huendelea kupanda mpaka upate upenyo, na mstari wa ubabukaji unahamia juu ya rangi ya mafuta, usawa wa kitanda. Nyumba ya jirani yetu ina ushahidi huo ulionyooka kabisa, kuzunguka kuta zote nne. Ukichanganya plasta ya kufukuza maji na rangi ya mafuta juu yake, umeufunga ukuta mara mbili.

Plasta ya kawaida, ile ya saruji na mchanga kwa uwiano wa moja kwa nne, ilifanya vibaya kwa namna nyingine. Yenyewe haikutoka kama ganda. Ilianza kutoa unga kwa mbele, rangi ikabanduka vipande vidogovidogo, na pembe za chini zikaanza kumomonyoka. Ina nyufa nyembamba za kukauka haraka, kwa sababu ilimwagiliwa siku chache tu kisha mafundi wakahamia kazi nyingine, na nyufa hizo ni milango ya chumvi ya upepo. Sitaipendekeza, ila nitaitetea kwa jambo moja: uharibifu wake unaonekana mapema na unakaa kwenye plasta, wakati ile ya mfuko ilificha wa kwake mpaka ukala tofali.

Nimeshangazwa na plasta ya chokaa, na fundi wetu alishangazwa zaidi. Nilipomwambia achanganye sehemu moja ya saruji, mbili za chokaa na tisa za mchanga, alinitazama kwa huruma, akasema, "Mama, hiyo simenti haitoshi hata kubandika kigae. Huu si ukuta wa pwani?" Ndiyo sababu, nilimjibu, na akaipiga kwa shingo upande. Kuifanyia kazi ni taabu kidogo: chokaa inapaswa kulowekwa usiku kucha kabla ya kukorogwa, tabaka linapigwa jembamba, na kila tabaka linahitaji kulindwa na jua kwa magunia mabichi kwa sababu chokaa haigandi kwa maji kama saruji, bali hugumu polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na ikikaushwa upesi hubaki unga. Fundi anayelipwa kwa mita hatapenda kusubiri huko, na ni haki yake. Kazi ya chokaa inafaa ilipwe kwa siku.

Matokeo yake ni haya. Sehemu ya chini ya plasta ya chokaa ina chumvi nyingi kuliko ukuta wote uliobaki, na chumvi hiyo iko nje, inaonekana, kama pindo jeupe linalopanda na kushuka na majira. Tunaipangusa kwa brashi kavu, na baada ya kupangusa chini yake kuna plasta iliyo laini kidogo lakini iliyoshika. Tofali nyuma yake, nililolikagua kwa kuchimba tundu dogo karibu na kona, ni zima. Chokaa ina vinyweleo vipana zaidi, hupitisha maji na mvuke, na hivyo huruhusu uvukizi ufanyike kwenye uso au karibu nao. Inaliwa yenyewe ili ukuta usiliwe. Itahitaji kurudiwa kwa chini baada ya miaka kadhaa, na anayeipiga aipige akijua hilo. Hasara hiyo naikubali, kwa kuwa kurudia plasta ni kazi ya fundi mmoja na mwiko, lakini kurudia tofali zilizolika chini ya nyumba yenye watu ni kazi ya kuomba Mungu.

Wala hili si jambo geni kwenye pwani yetu. Boma la Kale lililoko mjini karibu na bandari, lililojengwa miaka ya 1860 zama za Sultani Majid, ni la mawe ya matumbawe na chokaa, na matumbawe ni jiwe ambalo limezaliwa baharini na chumvi yake. Magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo na yale ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yamesimama kwa karne nyingi yakiwa yameshikwa na chokaa hiyohiyo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, tatizo linalojulikana vizuri na wanaokarabati majumba ni kuta za matumbawe zilizofunikwa kwa plasta ya saruji wakati wa matengenezo ya siku hizi: saruji hubaki imesimama kama ngao, na nyuma yake jiwe linageuka unga. Sisemi tuchome matumbawe tena ili tupate chokaa, maana bahari imekwisha kulipa vya kutosha. Chokaa ya mfuko inayotokana na mawe ya Tanga inatosha, mradi mnunuzi aulize chokaa ya ujenzi iliyo mpya, na asipewe mfuko uliokaa dukani mpaka ukagumu pembeni, kwa sababu huo umekwisha kuvuta hewa na hautashika kitu.

Kwa Wajerumani kuna njia ya tatu, ambayo kwa haki lazima itajwe kwa kuwa inaonyesha kwamba kufukuza maji si kosa kwa kila hali. Chama chao cha wataalamu wa uhifadhi wa majengo, WTA, kina maelekezo ya plasta ya ukarabati kwa kuta zenye chumvi, na plasta hiyo nayo inafukuza maji, lakini inatakiwa ikishakauka iwe na nafasi tupu zaidi ya asilimia 40 ya ujazo wake. Mvuke unapita, chumvi inagandia ndani ya nafasi hizo pana bila kuzisukuma, na plasta inafanya kazi kama ghala mpaka ijae. Plasta yetu ya mfuko ina nusu ya kwanza ya wazo hilo, ya kufukuza maji, bila nusu ya pili. Ni nzito na imeshikamana. Kipande nilichokibandua kilizama kwenye ndoo ya maji bila kutoa hata bubujiko la kuonekana. Mtengenezaji wa hapa nchini atakayeuza mfuko wenye namba ya vinyweleo vyake imeandikwa ubavuni, mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza.

Mambo mawili yaliyobaki nayapitia haraka, kwa kuwa hayahusu plasta yenyewe lakini huwa inabebeshwa lawama zake. La kwanza ni kuziba sehemu zilizobanduka kwa jasi, ile poda nyeupe ya kuremba dari, kwa sababu inakauka haraka na fundi anaondoka na pesa yake siku hiyohiyo. Jasi huyeyuka kwenye maji, zaidi ya gramu mbili kwa lita, na yenyewe ni salfeti. Ikikaa kwenye unyevu ikiwa imegusana na saruji huzaa madini yanayovimba na kukisukuma kiraka nje. Ibaki ndani ya nyumba, juu darini, ilikozoea. La pili ni nyufa zilizonyooka kufuata nguzo au mkanda wa zege juu ya madirisha, hasa zikiwa na doa la kahawia. Huo ni utendaji wa kloraidi iliyofika kwenye nondo: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na inapasua zege na plasta kwa pamoja. Hakuna plasta ya mfuko, ya chokaa wala ya Ujerumani itakayoliponya hilo, na anayepiga plasta juu yake anaficha ugonjwa wa nyumba kwa mgeni au kwa mnunuzi. Nondo ichimbuliwe, isuguliwe, na zege lirudishwe kwanza.

Kwa bei, plasta ya mfuko ni ghali kuliko mchanganyiko wa kawaida hata ukihesabu mchanga usiopotea na muda uliookolewa, na chokaa iko katikati, ikipanda kidogo kwa sababu ya siku za fundi. Sehemu ya juu ya ukuta, iliyo kavu, yenye tofali safi zilizokorogwa kwa maji ya bomba na yenye utando wa kuzuia unyevu uliowekwa vizuri juu ya msingi, ningeipiga plasta hii ya mfuko tena bila kusita, kwa sababu huko adui ni mvua ya upepo na chumvi inayotoka nje, na hilo inaliweza kwa ustadi. Kuanzia ardhini hadi kiunoni kwenye nyumba yoyote ya ukanda wa Kigamboni, Msasani, Kunduchi au Mbezi Beach ambayo msingi wake una mashaka, nisingeiweka hata ningepewa bure. Hapo ni chokaa, na juu yake chokaa ya kupaka au rangi ya maji inayopitisha mvuke, na pembeni yake udongo ulioshushwa chini ya usawa wa sakafu ili mvua isirushe matope ukutani. Ukuta uliokwisha kulika unapaswa kubanduliwa plasta yote hadi juu ya mstari wa chumvi, upigwe brashi, uachwe wazi ukauke kiangazi kizima, na upigwe brashi tena kabla ya mtu yeyote kugusa mwiko. Kipindi cha kati ya mwezi wa sita na wa tisa ndicho kizuri kwa kukausha. Kwa kupiga chokaa yenyewe, siku za mawingu zinafaa kuliko siku za jua kali.

Mifuko miwili iliyobaki hatukuirudisha dukani. Tulijengea karo la kufulia nyuma ya jiko, tukakoroga kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa, na kwa kuwa hapo maji yanatoka upande wa mbele na tofali za nyuma ni mpya, karo hilo halijavuja tone wala halijaota unga popote. Kwa kazi ya karo, bafu na mfereji wa maji ya mvua, naipa alama zote.